UNAUZA CHUPA KWA SIMU? JUA SHERIA KABLA BODA HAJAONDOKA

Somo la leo ni refu kidogo, kwa hivyo tafuta pahali ukae. Ukimaliza lihifadhi, utalihitaji siku moja.

Tunazungumzia pombe. Najua kuna wenye watasema, "Mimi siuzi pombe, nauza vikapu vya zawadi." Ngoja kwanza. Wewe ndiye ninayekutafuta haswa.

Mteja anakuandikia inboksi: "Dada, nataka kikapu cha bathdei. Weka chokoleti, maua na chupa moja ya mvinyo mwekundu. Mpelekee mtu wangu Nyali saa mbili usiku." Oda safi kabisa. Unapita supamaketi, unanunua chupa, unaifunga na utepe, boda anachukua, pesa inaingia kwa M-Pesa. Umemaliza.

Sasa nikuulize maswali manne:
1. Leseni ya kuuza pombe unayo?
2. Aliyepokea kikapu ana miaka mingapi?
3. Boda aliangalia, au aliacha kwa mlinzi wa geti?
4. Kukitokea shida, jina litakaloandikwa kituoni ni la nani?

Kama jibu la 1 ni "hapana" na la 4 ni "langu", endelea kusoma.

👉 SEHEMU YA 1: LESENI INASEMA NINI

Hapa Kenya sheria kubwa ya pombe ni ya mwaka 2010, Sheria ya Kudhibiti Vinywaji vya Pombe. Wengi tunaijua kama "sheria ya Mututho", kwa jina la John Mututho aliyekuwa mbunge wa Naivasha. Halafu Katiba ya 2010 ikazipa kaunti kazi ya kutoa leseni za pombe. Ndiyo maana ada na utaratibu wa Mombasa si lazima ufanane na wa Nakuru au Nairobi. Usichukue bei ya leseni uliyoambiwa na rafiki wa kaunti nyingine ukafanya nayo bajeti. Nenda ofisi ya leseni ya kaunti yako uulize mwenyewe.

Mambo ya msingi ni haya:

✔ Huruhusiwi kutengeneza wala kuuza pombe bila leseni. Sheria haisemi "isipokuwa chupa moja ndani ya kikapu". Ukichukua pesa ya mteja ukampa pombe, umeuza pombe.

✔ Leseni ina jina la mtu na ina pahali. Yaani ni ya fulani, kwa jengo fulani. Pahali penyewe pasiwe chini ya mita 300 kutoka shule ya watoto.

✔ Leseni hudumu miezi 12, halafu unaomba upya.

✔ Aliye chini ya miaka 18 hauziwi.

✔ Kuna saa. Kwa baa ya kawaida sheria ya 2010 iliweka saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku Jumatatu mpaka Ijumaa, na kuanzia saa nane mchana wikendi na sikukuu. Aina nyingine za leseni zina saa zake.

✔ Pombe ya pakiti ndogo za plastiki imepigwa marufuku, na chombo kisiwe chini ya mililita 250. Chupa lazima iwe na onyo la afya.

Ukitazama orodha hiyo vizuri utaona kitu. Karibu kila sharti linategemea MLANGO. Mita 300 zinahusu jengo lenye mlango. Saa ni za kufungua na kufunga mlango. Mtoto anazuiwa mlangoni. Mlevi anaonekana akiingia mlangoni. Afisa akitaka kukagua, anabisha mlango.

Wewe unayeuza kwa statasi ya WhatsApp, mlango wako uko wapi?

Hilo ndilo swali la somo hili lote. Sheria iliandikwa ikifikiria baa na duka. Biashara ikahamia kwa simu. Sasa mlango wako ni boda. Mwenye pikipiki ndiye anayemwona mnywaji uso kwa uso, na pengine hakuna aliyemwambia hata neno moja kuhusu hiyo kazi.

👉 SEHEMU YA 2: KWA NINI SERIKALI HAICHEKI NA POMBE

Kuna muuzaji atasema, "Ni kutusumbua tu, wanataka hongo." Hongo iko, sikatai. Lakini tusijidanganye kwamba hakuna shida yenyewe.

Novemba 2000, mitaa ya Mukuru huko Nairobi, watu walikunywa pombe iliyoitwa kumi kumi, kwa sababu glasi ilikuwa shilingi kumi. Zaidi ya watu 100 walikufa na wengine wakapofuka. Mei 2014 ikatokea tena katika kaunti kadhaa, Embu na Kiambu zikiwemo, wakafa zaidi ya 80. Februari 2024 ikawa Kirinyaga, wakafa watu wasiopungua 17.

Kinachoua mara nyingi ni methanoli. Hii ni aina ya kemikali ya viwandani inayofanana kabisa na pombe ya kawaida kwa macho na hata kwa ladha. Mwili ukiivunja inatoka asidi inayoharibu macho na viungo vingine. Ubaya wake ni kwamba haimgongi mtu papo hapo. Anaweza kulala vizuri, aamke kesho yake anaona ukungu, tumbo linauma, anapumua kwa shida. Watu wa nyumbani wanadhani ni hangova ya kawaida, wanamwacha alale. Mtu wa namna hiyo ni wa kukimbizwa hospitali saa hiyohiyo. Dawa ipo, lakini inataka wakati.

Hiyo ni ile ya sumu. Kuna madhara ya pombe halali pia, ambayo hayaingii kwa habari ya saa moja: ajali, ndoa kuvunjika, karo kunywewa, ini kuisha polepole. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 pombe ilichangia vifo milioni 2.6 duniani. Wengi wao hawakunywa kumi kumi. Walikunywa chupa zenye lebo nzuri kama hiyo unayoifunga utepe.

Kwa hivyo tukisema sheria iwe ya kisasa, tusimaanishe "tuachiwe tuuze tunavyotaka". Sheria ya kisasa ni ile inayomruhusu muuzaji mdogo afanye kazi kwa uwazi, na wakati huohuo watu wafe na kuumia wachache zaidi. Ikikosa kimoja, imeharibika.

👉 SEHEMU YA 3: TUMEJARIBU NINI, NA TUMEJIFUNZA NINI

Nchi yetu imejaribu karibu kila njia. Nitapita haraka, lakini shika mafunzo.

🔹 1980: Kupiga marufuku. Chang'aa ikapigwa marufuku kwa sheria yake maalum. Je, iliisha? Miaka 30 ilipikwa mabondeni na vichochoroni usiku. Na kwa sababu ilijificha, hakuna aliyekagua kilichomo. Mwenye kutaka ikaze haraka alitia anachojua mwenyewe. Kumi kumi ya 2000 ilitokea chang'aa ikiwa marufuku.

Funzo: marufuku haiondoi mnywaji. Inaondoa mkaguzi.

🔹 2004: Kushindana kwa bei. Kampuni ya East African Breweries ikaleta Senator Keg, bia ya pipa, na serikali ikaiondolea ushuru ili maskini apate kinywaji safi kwa bei karibu na ya chang'aa. Watu wengi wakahama. Mwaka 2013 serikali ikapunguza ule msamaha wa ushuru, bei ikapanda, mauzo yakaporomoka. Mwaka 2015 msamaha ukarudishwa kwa sehemu kubwa.

Funzo: mnywaji wa mfuko mdogo anafuata bei. Ukifanya kinywaji halali kuwa ghali ghafla, hujamwachisha kunywa, umemrudisha kichochoroni. Ushuru wa pombe unasaidia kupunguza unywaji, hilo linajulikana duniani kote, lakini lazima uende pamoja na kuzuia ile ya magendo.

🔹 2010: Kuhalalisha kwa masharti. Sheria ya Mututho ikafuta ile marufuku ya chang'aa. Ukitaka kuitengeneza, pata leseni, fikia viwango, weka kwa chupa, bandika lebo. Vizuri kwa karatasi. Lakini mama aliyekuwa akipika kwa pipa moja angetoa wapi mtambo na mashine ya kujaza chupa? Akabaki gizani. Aliyefaidi mlango ule ni mwenye mtaji. Vikajaa vinywaji vikali vya bei rahisi vyenye lebo, na vingine lebo yake ilikuwa ya uongo.

Funzo: ukihalalisha kwa masharti ambayo mdogo hawezi kuyafikia, kwake bado ni marufuku.

🔹 2015 na 2024: Msako. Julai 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliamuru pombe za bei rahisi zisakwe. Pombe ikamwagwa, na hata wenye leseni walilia hasara. Baada ya vifo vya Kirinyaga, Machi 2024 serikali ikasimamisha leseni za watengenezaji wa vinywaji vikali vya daraja la pili wakaguliwe upya.

Funzo: ukaguzi ukiwa wa kila siku, msako hauhitajiki. Ukaguzi ukilala, msako ukija haubagui mwema na mbaya.

Majirani wamepita njia zao pia. Tanzania ilipiga marufuku viroba, zile pombe za pakiti, kuanzia Machi 1, 2017. Uganda nayo ikafuata njia hiyo mwaka 2019. Hapa naona marufuku ilikuwa na mantiki, kwa sababu haikugusa pombe yote. Iligusa kifungashio ambacho mtoto wa shule angeweza kukinunua kwa pesa ya nauli na kukificha kwa soksi. Kwa hivyo marufuku ina pahali pake, ikilenga kitu kimoja kinachojulikana kinaumiza nani.

👉 SEHEMU YA 4: MTANDAO UMEKUJA, SHERIA IMEBAKI

Mwaka 2020 korona ilipofunga mabaa, watu hawakuacha kunywa. Waliagiza. Maduka ya pombe yaliyokuwa hayana hata namba ya WhatsApp yakaanza kupeleka majumbani. Baa zikafunguliwa tena, lakini ile tabia ya kuagiza ikabaki. Leo kijana akiwa kitandani anaagiza, dakika 40 mzigo uko mlangoni.

Julai 2025 serikali ikazindua sera mpya ya taifa ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, ikiwa na NACADA. Ndani yake kulikuwa na mapendekezo yaliyotikisa wengi: umri wa kununua upande kutoka 18 hadi 21, na uuzaji wa pombe mtandaoni na kupeleka nyumbani upigwe marufuku. Makelele yakawa mengi, NACADA wakafafanua kwamba hiyo ni sera, bado si sheria.

Tuelewane hapa kwa sababu watu wengi walichanganyikiwa. Sera ni nia ya serikali. Ule umri wa 18 umeandikwa kwenye sheria, na sheria inabadilishwa na Bunge. Kwa hivyo usiache kazi kwa sababu ya posti uliyoiona Facebook. Lakini pia usilale. Nia imeshatangazwa.

Na tuwe wakweli: wanaotaka kupiga marufuku wana hoja. Wanasema mtoto wa miaka 15 akiwa na simu ya mzazi anaweza kuagiza vodka, boda akamkabidhi bila swali. Ni uongo? Si uongo. Jiulize ni oda ngapi za chupa umewahi kuona zikiachwa kwa mlinzi, kwa kaka wa jirani, kwa "yeyote aliye hapo".

Lakini turudi kwa funzo la 1980. Ukipiga marufuku kupeleka chupa nyumbani, boda bado ana pikipiki, mteja bado ana kiu, na namba ya WhatsApp bado iko hewani. Anayeacha ni yule mwenye leseni anayeogopa kuipoteza. Anayebaki ni asiye na leseni, asiye na duka, na asiyejali chupa imetoka wapi. Biashara nzima ya chupa mtandaoni tutakuwa tumempa mtu mbaya.

👉 SEHEMU YA 5: WENZETU WALIJENGA MLANGO UPYA

Kuna pahali walikutana na tatizo hilihili wakachagua njia nyingine. Jimbo la New South Wales kule Australia, ambako Sydney iko, waliweka masharti ya kupeleka pombe siku ileile ya oda, yakaanza kutumika Julai 2021. Hawakufunga. Walichukua yale yaliyokuwa yanafanyika mlangoni mwa baa wakayahamishia mlangoni kwa mteja:

• Anayepeleka lazima awe amefunzwa.
• Anaangalia kitambulisho wakati wa kukabidhi.
• Chupa haiachwi kwa ngazi wala kwa geti.
• Mpokeaji akiwa amelewa, hapewi.
• Kuna saa ya mwisho ya kupeleka usiku.
• Mteja anaweza kuomba mwenyewe afungiwe asiuziwe tena.
• Anayepeleka akikataa kukabidhi kwa sababu halali, hakatwi pesa yake.

Hilo la mwisho ndilo lililonifanya nikae nifikirie. Chukua mfano wa hapa kwetu. Tuseme boda analipwa shilingi 200 akikabidhi, na akirudisha mzigo hapati kitu na petroli ni yake. Amefika Mtwapa saa tatu usiku, anatokea kijana mwenye sura ya kidato cha pili. Atakataa? Kwa mpango huo umemlipa ampe. Sheria unaweza kuiandika kwa dhahabu, lakini ile 200 ndiyo inayoamua.

👉 SEHEMU YA 6: UFANYE NINI KUANZIA LEO

KAMA HUNA LESENI

1. Toa chupa kwa vikapu vyako. Najua inauma, kwa sababu kikapu chenye chupa ndicho kinapanda bei. Lakini hesabu vizuri: faida ya chupa moja ni mia chache, kesi moja ni mtaji wote. Weka juisi nzuri ya zabibu, kahawa ya hapa, asali, halua ya Mombasa, viungo. Mteja wa zawadi anataka mtu wake afurahi, si lazima alewe.

2. Mteja aking'ang'ania, mwambie hivi: "Samahani, mimi sina leseni ya pombe. Kikapu nitakutengenezea na nafasi ya chupa nitakuachia. Chupa nunua mwenyewe dukani." Pesa ya chupa isipite kwako.

3. Futa zile posti za zamani zenye chupa. Peji yako ni ushahidi, na mwenye kutaka kukuumiza atapiga picha ya skrini.

KAMA UNA LESENI

1. Uliza kaunti kwa maandishi kama leseni yako inakuruhusu kupeleka nje ya duka, na kwa saa gani. Jibu la mdomo kaunta halitakusaidia mbele ya hakimu. Tuma barua au imeili, tunza nakala.

2. Nunua kwa msambazaji anayetoa risiti. Kila chupa ikague stempu ya ushuru ya KRA. Kuna programu yao ya simu inaitwa Soma Label, unaskani stempu inakuonyesha bidhaa ni ipi. Ikionyesha kitu tofauti na chupa uliyoishika, usiuze, hata ukipewa bei ya kutupa. Bei ya kutupa ndiyo dalili ya kwanza.

3. Andika kwenye peji na kwenye kila posti: "Hatumuuzii aliye chini ya miaka 18. Utaonyesha kitambulisho ukipokea." Usitumie katuni wala picha za wanafunzi kutangaza pombe.

4. Uliza umri wakati wa oda, halafu boda AANGALIE kitambulisho wakati wa kukabidhi. Vyote viwili. La kwanza peke yake ni bure, kwa sababu kwa simu kila mtu ana miaka 25.

5. Kitambulisho kiangaliwe tu, kisipigwe picha. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Ukijaza simu yako na picha za vitambulisho vya wateja umejitafutia kesi nyingine. Boda aangalie tarehe ya kuzaliwa na sura, arudishe. Wewe andika kwa daftari: tarehe, namba ya oda, "kimeangaliwa".

6. Mlipe boda hata akirudisha. Nauli ya kwenda ichukue kwa mteja mapema, na umwambie wazi kwamba hairudi akikosa kitambulisho. Mfano: chupa 1,200, nauli 200. Mteja anatuma 1,400. Akikosa kitambulisho anarudishiwa 1,200. Boda ana 200 yake ya kwenda, na wewe unamwongezea 200 ya kurudi. Umepoteza 200. Hiyo ndiyo bei ya mlango wako. Baa inamlipa bawabu kila usiku, wewe unalipa siku chache tu.

7. Mfunze boda maneno ya kusema, kwa sababu kukataa ni kazi ngumu usiku mbele ya watu. Mpe sentensi moja: "Boss, si mimi, ni sheria ya duka. Bila kitambulisho narudi nayo." Akiona mtu amelewa au kuna fujo, asibishane. Aondoke akupigie akiwa mbali.

8. Weka saa yako ya mwisho ya oda na uifuate. Oda ya pili na ya tatu usiku mmoja kutoka kwa mtu yuleyule ni sawa na mtu aliyelewa kurudi kaunta. Sheria haitaki mlevi auziwe tena. Kwa simu humuoni, lakini oda zake unaziona.

👉 SEHEMU YA 7: YULE MTEJA WA KILA SIKU

Hii wengi hawapendi kuisema. Katika biashara nyingine mteja wa kila siku ni baraka. Anayenunua nguo kwako kila wiki, mwombee uhai. Kwa pombe, mteja wako bora kwa hesabu anaweza kuwa ndiye anayeumia kuliko wote. Na mtandaoni unamjua kuliko mwenye baa, kwa sababu oda zote zimeandikwa kwa simu yako na tarehe zake.

Siku moja atakuandikia, au mkewe atakuandikia, "Tafadhali usimuuzie tena." Jitayarishe sasa utajibu nini. Ushauri wangu: akiomba mwenyewe, mfungie siku hiyohiyo, umtoe kwenye orodha ya matangazo, na akirudi wiki ijayo mkumbushe kwa heshima kile alichokuomba. Akiomba mtu wa nyumbani, usimtangaze mteja wako, lakini angalia tena hizo oda kwa macho ya binadamu. Namba ya NACADA ya msaada ni 1192, kupiga ni bure. Iweke kwenye peji yako hapo juu, kando ya namba ya oda.

Utapoteza mauzo. Ndiyo. Lakini wauzaji wa mtandaoni wakiweza kuonyesha kwamba wanafanya hivi, hoja ya kutufungia wote inapungua nguvu.

👉 SEHEMU YA 8: SEMA KABLA HAIJAPITISHWA

Katiba yetu inataka Bunge na mabunge ya kaunti yawashirikishe wananchi kabla ya kutunga sheria. Hiyo iko Kifungu cha 118 na cha 196. Maana yake ni kwamba kukiwa na mswada wa pombe, kuna tangazo, kuna siku ya kutoa maoni, na karatasi yako ya ukurasa mmoja inapokelewa. Wenye viwanda wanapeleka mawakili. Sisi tunapeleka kelele Facebook. Tubadilike.

Mimi maoni yangu yatakuwa manne:

1. Kuwe na aina ya leseni ya kupeleka chupa, yenye ada ambayo duka dogo linaweza kulipa, pengine kwa awamu. Funzo la 2010 tusilisahau.

2. Kila peji inayouza pombe ionyeshe namba ya leseni, na kaunti iweke orodha ambayo mteja anaweza kuangalia kwa simu. Asiye na namba ajulikane.

3. Boda wa chupa apate mafunzo mafupi na alipwe akikataa kukabidhi kwa sababu halali.

4. Adhabu kali imwendee anayemuuzia mtoto na anayeuza bandia. Aliyechelewa kulipia leseni wiki moja asiwekwe kapu moja na mwenye methanoli.

Wewe unaweza kuwa na maoni mengine. Pengine unaona online ifungwe kabisa kwa sababu umezika ndugu. Hayo nayo ni maoni, yaandike uyapeleke. Muhimu ni mwakilishi wako wa wadi asikie kutoka kwa watu wanaoijua hii kazi na wanaoishi na madhara yake, si kutoka kwa wenye viwanda peke yao.

Kwa leo nafunga hapo. Kazi ya kufanya kabla ya kulala: fungua peji yako, hesabu posti ngapi zina chupa, halafu jiulize kama ungeweza kumwonyesha afisa wa leseni kila moja bila kutokwa na jasho. Kama kuna moja inakutoa jasho, anza na hiyo.

Mtumie mwenzako anayeuza vikapu, hasa kabla ya Disemba. Somo lijalo tutaangalia jinsi ya kuandika risiti ambayo itakusaidia mteja akikataa kulipa. Biashara njema.